Shangazi kasema chandarua kipya ni feki kwa sababu mbu hawafi papo hapo. Majibu nimeyakuta Misungwi hapo hapo

#1 Ng'wana Misungwi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni. Uzi huu ni mrefu, anayependa vifupi anisamehe, lakini unahusu watoto wetu na nimeona nisiukate.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia shangazi yangu kijijini, wilaya ya Misungwi. Nikamkuta anakunja chandarua kipya cha kugawiwa, anakirudisha kwenye mfuko wake. Kitandani kimefungwa kile cha zamani chenye matundu ya kupita ngumi. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu:

"Mwanangu, hiki walichotuletea ni feki. Nimelala nacho siku tatu. Mbu wanatua, wanatembea juu yake, kisha wanaruka zao. Vile vya zamani asubuhi tulikuwa tunafagia mbu sakafuni."

Sikubishana naye, kwa sababu alichokiona ni kweli kabisa. Mbu walitua, na waliondoka wakiwa hai. Nilichofanya ni kusoma lebo iliyoshonwa pembeni. Dawa mbili. Moja naijua. Ya pili, klofenapiri, nilikuwa siijui. Nimetumia wiki tatu kuisoma, na kilichonigusa ni kwamba jaribio la kwanza kubwa lililoithibitishia dunia kuwa dawa hiyo kwenye chandarua inapunguza malaria kwa watoto lilifanyika wilayani kwake, kwenye nyumba kama yake. Matokeo yamesomwa Geneva na London. Shangazi hakuna aliyemweleza.

Tuanze na vile vya zamani ili tuelewane.

Dawa iliyokuwa inadondosha mbu ni ya jamii ya pareto. Maua haya yanayolimwa Mufindi na nyanda za juu za Kenya yana sumu ya asili ya wadudu, ila jua likiipiga inaharibika upesi. Miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza ndugu zake wa maabara wanaostahimili mwanga vizuri zaidi: permethrini, kisha deltamethrini. Dawa hizi hushika neva za mdudu. Kwenye neva kuna vijilango vya sodiamu vinavyofunguka na kufunga kila ishara inapopita. Dawa ikishika, vinabaki wazi. Mdudu anatetemeka, anaanguka, yote ndani ya dakika chache. Ndiyo maana shangazi alikuwa anafagia.

Zimetufaa sana dawa hizi. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2015 zilikadiria kuwa tangu mwaka 2000 Afrika iliepuka wagonjwa wa malaria milioni 663, na zaidi ya theluthi mbili ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua. Kitambaa na dawa tu.

Lakini kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitegemea jamii moja ya dawa, na mbu naye ana vizazi vingi kwa mwaka. Wale waliozaliwa na tofauti ndogo iliyowakinga ndio waliobaki kuzaa. Kuna mbu ambao kijilango cha sodiamu kimebadilika umbo, dawa haikishiki. Kuna ambao gamba lao limekuwa nene. Mwaka 2020 watafiti wa Liverpool walionyesha kuna protini kwenye miguu ya mbu inayoikamata dawa pale pale anapokanyaga, kabla haijaingia mwilini. Na kuna kundi kubwa zaidi la mbu wenye vimeng'enya vingi vya kuvunjavunja sumu. Hao ndio waliokutwa Kanda ya Ziwa kwa wingi. Shikeni habari ya vimeng'enya, nitairudia.

Jibu la kwanza lilijaribiwa Muleba, Kagera. Chandarua kiliongezwa kitu kinaitwa PBO. Chenyewe hakiui mbu. Kazi yake ni kuvifunga vile vimeng'enya, ili dawa ya pareto ipate nafasi tena. Baada ya miezi 21, watoto waliokutwa na vimelea upande wa vyandarua vya kawaida walikuwa asilimia 62, upande wa PBO asilimia 45. Kwa matokeo ya mwanzo ya Muleba, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vyandarua vya PBO mwaka 2017.

Kisha Misungwi. Januari 2019, vyandarua zaidi ya 147,000 viligawiwa wilayani. Vitongoji viligawanywa makundi 84, kura ikapigwa, kila kundi likapata aina moja kati ya nne: cha pareto peke yake, cha PBO, cha pareto na piriproksifeni (dawa inayomfanya mbu asizae), na cha pareto na klofenapiri. Wananchi hawakuambiwa wamepata kipi. Waliongoza Dkt. Jacklin Mosha wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) Mwanza, pamoja na wenzao wa hospitali na chuo cha KCMC Moshi na chuo cha London kinachoshughulika na magonjwa ya ukanda wa joto. Baada ya miaka miwili watoto walipimwa:

Pareto peke yake, asilimia 45.8 walikuwa na vimelea. PBO, 40.7. Piriproksifeni, 37.5. Klofenapiri, 25.6.

Soma tena hiyo ya mwisho. Ni wilaya ile ile, mbu wale wale, mvua ile ile. Matokeo yalichapishwa 2022. Mwaka 2023 jaribio kama hilo la Benin likatoa picha inayofanana, na Machi mwaka huo huo WHO wakapendekeza rasmi vyandarua vya aina hiyo pale ambapo mbu wamekuwa sugu kwa pareto.

Sasa nirudi kwa shangazi.

Klofenapiri haigusi neva. Inapoingia mwilini mwa mbu bado haijawa sumu kali. Inakuwa sumu pale vimeng'enya vya mbu vinapoikata, na vimeng'enya vyenyewe ni vya jamii ile ile iliyokuwa inamwokoa dhidi ya pareto. Silaha aliyojitengenezea ndiyo inayopika sumu ya kumuua. Ikishapikwa inaingia kwenye mitokondria, yaani majiko ya chembe hai yanayotengeneza nguvu za mwili. Chakula kinaungua lakini nguvu haipatikani. Mbu anaruka, anakwenda ukutani, anaishiwa taratibu. Anakufa kesho au keshokutwa. Maabara huwasubiri hadi saa 72 kabla ya kuhesabu.

Kwa hiyo mbu wa shangazi walikuwa wanakwenda kufia nje, mbali na macho yake.

Kuna atakayesema: akifa kesho si ameshaniambukiza leo? Hapana, na hapa ndipo mahesabu yananifurahisha. Mbu akinyonya damu yenye vimelea leo, vimelea vinahitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa tumboni mwake na kufika kwenye mate. Mbu wa kuogopwa ni bibi kizee. Ukimuua siku ya pili au ya tatu baada ya kugusa chandarua, hafikii umri wa kuambukiza. Na yule ambaye tayari ni mzee na ana vimelea, anazuiwa na kitambaa chenyewe, mradi kisiwe na matundu. Ndiyo maana kile cha zamani chenye matundu alichokirudisha shangazi kitandani kiliniuma sana moyoni.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

#2 mama_wawili

Ahsante sana kaka kwa uzi. Mimi nina mtoto wa miezi minane, anatafuna kila kitu, chandarua nacho anakitia mdomoni. Hiyo klofenapiri ni salama kweli? Na cha kwangu kipya kilinichoma uso siku ya kwanza, nikakitoa.

#3 Ng'wana Misungwi

Dada, swali la msingi. Klofenapiri ilianza kama dawa ya wadudu wa mashambani, na ile ya chupa, iliyokolea, mtu akiinywa inaua. Sitaki kuficha hilo. Kwenye chandarua inawekwa takriban miligramu 200 kwa kila mita moja ya mraba, imegandishwa kwenye nyuzi. WHO hupiga hesabu ya mtoto anayelala ndani kila siku na anayenyonya kitambaa, kabla ya kukiweka kwenye orodha ya vinavyokubalika. Cha aina hii kilipita. Hata hivyo mtoto asiachiwe kukitafuna. Kichomekwe chini ya godoro kikaze, asikifikie kirahisi.

Kule kuchoma uso ni dawa ya upande wa pareto, inasisimua ngozi ya usoni kwa mguso. Haidumu. Kabla ya kukitumia, kitundike kivulini saa 24 kipate hewa. KIVULINI, dada. Wengi wanaanika juani na jua ndilo adui wa dawa hizi.

#4 fundi_nyuzi

Nichangie kwenye upande wangu. Nimefanya kazi miaka sita kiwanda cha vyandarua. Watu wanadhani vyandarua vyote ni kitambaa kimoja kilichochovywa dawa. Si hivyo.

Vipo vya poliesta. Uzi wake ni nyuzinyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja, laini ukishika, kama shuka. Dawa inapakwa juu na gundi maalumu ya kuishikilia isitoke kwa maji. Interceptor G2, hicho cha klofenapiri anachokisema mleta uzi, ni cha namna hii.

Vipo vya polietilini. Uzi ni mmoja, mgumu kidogo, kama wa kuvulia ila mwembamba. Hapa dawa inachanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka, ndipo uzi unavutwa. Kwa hiyo dawa imo ndani ya uzi, inatoka polepole kuja juu. Ukikifua, ile ya juu inaondoka, baada ya siku kadhaa nyingine inapanda. Joto linaharakisha. Teknolojia hii ya Olyset kutoka Japani ndiyo iliyoletwa Arusha mwaka 2003, kiwanda cha A to Z, na ilikuwa mara ya kwanza vyandarua vya kudumu kutengenezwa Afrika.

Kigumu kwenye kazi yetu ni kupatanisha vitu vinavyopingana. Dawa ikishikwa sana na plastiki, mbu akitua haipati. Ikiachiwa sana, imeisha kabla ya mwaka. Tundu likiwa dogo mno hewa haipiti, watu wanasikia joto wanalala nje. Likiwa kubwa, mbu anapenya. Uzi ukiwa mnene unadumu lakini uzito na bei vinapanda, na mnunuzi mkubwa anaangalia bei ya kimoja kimoja.

Vipimo vya kiwango vinasema dawa idumu baada ya kufuliwa mara 20, na chandarua kidumu miaka mitatu. Sisi tulikuwa tunafua kwa mashine, kwa sabuni maalumu. Mashine haina kitanda cha mbao chenye msumari.

#5 Ng'wana Misungwi

Fundi, hapo kwenye msumari ndipo penyewe. Kuna utafiti wa Tanzania uliovifuata vyandarua vya aina tatu nyumbani kwa watu miaka mitatu mfululizo. Nusu ya vyandarua vilikuwa havifai tena kati ya mwaka wa pili na miaka miwili na nusu hivi. Kugawa kila baada ya miaka mitatu kunaacha pengo.

Misungwi pia ilionyesha hilo. Mwaka wa tatu wengi walikuwa wameshaacha kutumia vyandarua vya utafiti, vimechanika. Vya PBO faida yao ilikuwa imeisha. Vya klofenapiri viliendelea kushinda vya kawaida, ila kwa nguvu iliyopungua. Nasikitika kwamba tunatumia fedha nyingi kutafuta dawa mpya na kidogo sana kutafuta uzi usiochanika. Mtu atakayetengeneza kitambaa cha miaka mitano kwa bei ya cha sasa atakuwa ameokoa watoto wengi kuliko madaktari wengi.

#6 Busisi Mwaloni

Mkuu uzi mzuri, lakini mbona hamsemi vyandarua vinavyoishia ziwani? Mimi ni mvuvi. Watu wanaunga vyandarua vitano sita wanakokotea dagaa na furu, wanakusanya hadi vifaranga vya sato. Na vikichakaa vinaachwa kwenye mawe ufukweni. Utafiti wa hilo uko wapi?

#7 Ng'wana Misungwi

Umenigusa kaka, na sitalipita juu juu.

Kwanza, dawa za pareto ni sumu kali sana kwa samaki na wadudu wa majini. Ini la mamalia linazivunja upesi, samaki hana uwezo huo. Ndiyo maana maelekezo yanakataza kufulia chandarua ziwani au mtoni. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye udongo, mbali na kisima na bwawa.

Pili, tundu la chandarua limepimwa kumzuia mbu. Samaki gani mchanga atapita hapo? Watafiti waliofuatilia uvuvi wa vyandarua pwani ya Msumbiji walikuta wanaovuliwa wengi ni wale ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Unakula mbegu.

Tatu, plastiki. Poliesta na polietilini hazioziki. Kila mgao wa nchi nzima ni mamilioni ya vyandarua, na sioni mpango wa kuvirudisha. WHO inashauri visichomwe moto hadharani kwa sababu ya moshi wenye sumu. Kama hakuna tanuri la joto kali, vizikwe mbali na maji. Na visikusanywe vya zamani kabla watu hawajapata vipya.

Ila niseme pia, mvuvi mwenye njaa anayeshika chandarua cha bure sitamwita mhalifu kwa urahisi. Mara nyingi ni kile kilichochakaa. Wakati mwingine ni kipya ambacho mtu amekiona hakina kazi, kama shangazi alivyoona. Mtu akielezwa kwa nini mbu haanguki papo hapo, hata ziwa linafaidika.

#8 kijana_wa_Kahama

Kaka, mbu wa huku wanatuuma saa moja jioni tukiwa tunatazama mpira kibandani. Chandarua kitatusaidia nini hapo? Na kuna chanjo, si tuhamie huko?

#9 Ng'wana Misungwi

Chandarua hakikuvalii suruali jioni, ni kweli. Tena kuna mbu wa mjini kutoka Asia, Anofelesi stefensi, aliyeonekana Jibuti 2012, akafika Ethiopia na sasa yupo kaskazini mwa Kenya. Anazaliana kwenye matangi na mapipa ya maji, wala hasubiri madimbwi ya masika. Jibuti walikuwa na wagonjwa 27 mwaka 2012. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Miji yetu imejaa simtenki na madumu. Hilo linanikosesha usingizi.

Chanjo zipo mbili. Moja, R21, ilijaribiwa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo kwetu hapa. Mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 68 hadi 75. Ni nzuri sana. Lakini ni kwa watoto wadogo, ina dozi nne, na kinga yake hushuka. Na dawa mseto tunazozitegemea zimeanza kukutana na vimelea vinavyochelewa kufa, Rwanda, Uganda na hata Kagera. Kwa hiyo hatuhami. Tunaongeza kimoja juu ya kingine.

Ila nikupe jambo linalonipa matumaini. Chuo Kikuu cha Harvard kuna maabara ya Flaminia Catteruccia iliyokuja na wazo la pembeni kabisa: badala ya kumuua mbu, MTIBU. Mwaka 2019 walionyesha mbu akitua dakika chache tu juu ya kioo kilichopakwa atovakwoni, ambayo ni dawa ya malaria ya binadamu, inapita miguuni na vimelea tumboni mwake vinakufa. Mbu anabaki mzima, ila hana malaria ya kukupa. Mwaka 2025 wakatoa matokeo mengine: walipima dawa nyingi, wakapata mbili zinazoshambulia mitokondria ya kimelea kwa sehemu tofauti, na zikichanganywa kwenye plastiki ya polietilini, kama nyuzi za fundi wetu hapo juu, zilibaki na nguvu mwaka mzima. Zinafanya kazi hata kwa mbu sugu, kwa sababu usugu wake ni wa kujikinga yeye, haumkingi kimelea.

Bado ni maabara. Ikifika vijijini, mbu watatua, watatembea, wataruka wakiwa hai, na safari hiyo hawatakufa hata kesho. Tutawaelezaje akina shangazi?

#10 mwalimu_sayansi

Mleta uzi, waache waone wenyewe. Chupa mbili za maji zilizokatwa, chandarua cha zamani mdomoni, pamba yenye maji ya sukari. Moja mbu waliotua kwenye chandarua, nyingine mbu wa chumba kisicho na chandarua kipya. Zote zikae sehemu moja yenye kivuli. Bila hiyo chupa ya pili hujapima kitu, maana mbu wa chupa wanakufa hata kwa joto.

#11 Ng'wana Misungwi

Mwalimu, ubarikiwe. Nimempigia simu mtoto wa binamu yangu, yuko darasa la sita, anakaa na shangazi.

#12 Ng'wana Misungwi

Mrejesho wakuu. Kijana alitega alfajiri ya Jumamosi. Wa chupa ya kwanza aliwatoa juu ya chandarua, upande wa nje, karibu na paa ambako mbu hupenda kutua kwa sababu joto na pumzi ya aliyelala hupanda huko. Wa chupa ya pili aliwatoa jikoni. Alijaribu kuchagua wale wanaokaa mkia juu, ndio Anofelesi, mbu wa malaria, lakini amekiri waliingia na wengine. Kwa hiyo huu si utafiti, msiuchukulie hivyo.

Jumamosi mchana alinipigia kwa masikitiko: "Mjomba, wote wanaruka." Nikamwambia subiri.

Jumapili baada ya ibada alinipigia shangazi mwenyewe. Wa chupa ya chandarua karibu wote walikuwa wamelala chali. Wa jikoni walikuwa wanaruka, isipokuwa wawili. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe wanakwenda kufia kwao."

Kipya kimefungwa. Cha zamani ameniuliza akifanyie nini, nikamsomea jibu nililompa Busisi Mwaloni. Kijana anachimba shimo nyuma ya migomba, upande wa juu, mbali na kisima.